Inchi Thelathini na Saba Mpaka Orlena

Jumatatu, 15 Septemba

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Jana tulikula kwa mama mkwe. Kuku wa kukaanga, viazi vya kuponda, mchuzi mzito. Kabla sijajipakulia mara ya pili, Mama Ardith akaweka uma chini akasema anataka kwenda Orlena.

Orlena! Kambi ya mgodi iliyokufa zamani, huko juu milimani ambako hata miti inakataa kuota. Ndiko alikozaliwa. Ndiko alikozikwa mdogo wake Wilda, aliyefariki akiwa na miaka minne. Mama ana themanini na miwili. Anataka kufika kabla theluji haijafunga njia. Alisema hivyo kwa sauti ileile anayoombea chumvi.

Kisha Royce, kaka yake mke wangu, akasema atampeleka yeye. Kama kawaida yake. Nikasema hapana, nitampeleka mimi. Nilikuwa na kiazi mdomoni lakini nilieleweka.

Mama akatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Nitapanda gari litakalofika."

Mke wangu Nadine ananiambia kauli hiyo haina maana nyingine zaidi ya ilivyosemwa. Nadine ni mtu mwema. Mimi nimekuwa mkwe katika nyumba ile miaka ishirini na sita na najua mtihani nikiuona. Royce alimtengenezea Mama paa. Royce humpeleka kliniki ya macho. Mimi Sikukuu ya Shukrani iliyopita nilipeleka bata mzinga ambaye ndani bado alikuwa barafu. Naihitaji Orlena.

Tatizo ni magurudumu. Gari langu nililiinua miaka minne iliyopita, springi mpya, shokapu mpya, limekaa juu vizuri. Lakini chini lina matairi yaleyale ya inchi thelathini na moja. Linafanana na korongo aliyevaa viatu vya mtoto. Gari la Royce lina thelathini na tano.

Leo nimewaza siku nzima kibandani. (Nafanya kazi kwenye mzani wa jaa la kaunti. Lori la taka moja kwa nusu saa. Nafasi ya kufikiri ni kubwa mno.) Thelathini na tano ni kumfikia Royce. Thelathini na saba ni kumpita. Nimeandika 37 kwenye karatasi na kuipigia mstari. Inapendeza.

Jumanne, 16 Septemba

Nimepita kwa Chelo Archuleta baada ya kazi. Chelo ana duka la matairi karibu na daraja. Alirithi kwa baba yake, na ulimi pia.

Nilidhani ningesema namba, aandike namba, tuagane. Badala yake akatoka na futi ya chuma akalala chini ya gari langu. Akakaa huko muda mrefu. Akauliza nani aliniambia gari limeinuliwa inchi tatu. Nikamwambia boksi la springi. Akasema boksi linasema tatu, lakini springi zimeshakaa, sasa ni mbili na nusu. Nusu inchi! Anaitafuta nusu inchi kama mtu aliyedondosha pete.

Akaeleza. Urefu wa tairi ni jambo moja. Upana ni jingine. Jinsi rimu inavyokaa, ndani sana au nje sana, ni la tatu, na hilo ndilo linalowaliza watu. Kwa gari langu, thelathini na tatu zitaingia bila ugomvi. Thelathini na tano zitaingia tukikata kidogo na nikichagua rimu sawasawa. Thelathini na saba hatafunga. Siyo kwamba hazifungiki. Yeye hatafunga.

Akauliza nakwenda wapi. Nikasema kwenye miamba. Miamba mikubwa. Akauliza miamba ipi. Nikasema Orlena. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee Orrin, Orlena nilikwenda na bibi yangu na sufuria la tamale, madonge ya unga wa mahindi yenye mchuzi, mapajani mwake. Matairi ya kawaida kabisa. Hata mchuzi haukumwagika."

Nikamwambia njia itakuwa imeharibika tangu hapo. Akasema ilikuwa Julai. Julai hii.

Akaandika kwenye kadi: 33, na namba za rimu, na chini yake, kwa herufi kubwa, PIMA KWANZA. Nikaitia mfukoni nikamshukuru. Nilichoka kiasi cha kutosha kushukuru chochote.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimezipata!

Jamaa mmoja bondeni, Lonnie, alibandika tangazo kwenye ubao wa duka la vyakula vya mifugo. Matairi manne ya thelathini na saba pamoja na rimu zake. Hataki pesa, anataka kubadilishana. Nikampigia kutoka kibandani. Akauliza nina nini. Nikataja kitanda cha kambi. Kimya. Nikataja upinde wa kuwindia. Kimya. Nikataja mashine ya kusukuma theluji. Akasema niilete.

Mashine ile ni ya Nadine zaidi kuliko yangu, kwa maana kwamba ndiye anayeitumia. Lakini tuko Septemba. Nje kuna jua. Watu wamevaa kaptula. Mashine ya theluji mwezi wa Septemba ni chuma tu kinachojaza banda. Nitamwambia Nadine iko kwa fundi. Kwa namna fulani ni kweli. Lonnie anachomelea vyuma.

Matairi ni makubwa! Yakisimama yananifika juu ya kiuno. Nilipolibeba la kwanza mgongo ulitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Lonnie akauliza kama nina hakika yataingia. Nikasema rimu zina matundu matano ya nati, na gari langu lina nati tano. Tano na tano. Akanitazama kwa muda, akaiangalia mashine ya theluji, akasema sawa basi.

Ijumaa, 19 Septemba

Tano na tano, lakini yamepishana.

Matundu ya rimu yako mbali kidogo kuliko nati zangu. Kidogo tu. Upana wa nusu kidole. Nilijaribu kusukuma. Nilijaribu kupiga kwa nyundo ya mpira, kisha kwa nyundo isiyo ya mpira. Nikakaa juu ya ndoo nusu saa nikiyatazama. Sikulia, lakini sikuwa mbali.

Nikakimbilia duka la vipuri. Wanauza visahani vya chuma kinene vinavyofungwa kwenye gari, kisha rimu inafungwa kwenye kisahani. Vinafaa kabisa! Tatizo, vinasukuma gurudumu nje inchi mbili. Muuzaji akauliza kama nina madigadi mapana. Nikasema ninayo. Nina madigadi. Mapana, hapana.

Saa kumi na mbili jioni gari lilikuwa limesimama juu ya thelathini na saba. Nilirudi nyuma mpaka kwenye ua wa jirani ili nilione lote. Nimeona vitu vizuri maishani, harusi yangu kimojawapo. Hiki kilikaribia.

Kisha nikaingia nikakata kona.

Sauti ile! Kama mtu anayekwangua sufuria kwa koleo. Tairi la mbele linagusa mwili wa gari nyuma na bampa mbele. Kulia linagusa. Kushoto linagusa. Likienda moja kwa moja haligusi, mradi njia isiwe na shimo.

Nikachukua msumeno wa umeme nikakata bati panapogusa. Nikakata tena. Upande wa kushoto nilikata hata chupa ya maji ya kusafishia kioo, maji ya buluu yakatiririka mpaka barabarani. Nadine akatoka mlangoni. Akauliza gari linavuja nini. Nikasema si chochote cha muhimu. Akauliza kwa nini ni kubwa hivyo. Nikasema ni kwa ajili ya mama yake. Akarudi ndani.

Kingo za bati zimebaki na meno. Ningezipiga tupa, lakini nimechoka. Zitajisugua zenyewe.

Jumapili, 21 Septemba

Nimempitia Mama kanisani ili aone usafiri wake. Niliegesha mahali pa wazi. Watu walitoka wakasimama. Mchungaji akauliza kama ninahamia kwenye biashara ya mbao.

Mama akalitazama gari. Akatazama ngazi ya pembeni. Ngazi ilikuwa usawa wa mbavu zake.

Akasema, "Mwanangu, hapo napandaje?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa kigoda cha jikoni. Akapanda kigoda, mkono mmoja begani kwangu, mwingine kwenye mlango, mguu hewani. Tukakwama hapo. Yeye hakuweza kwenda juu, mimi sikuweza kumwachia. Wazee wawili wa kanisa wakaja kusaidia kutoka nyuma, kwa heshima nyingi, wakiwa wamefumba macho. Akaingia. Akakaa. Akatazama mji kutoka kule juu, mkoba mapajani.

Royce alikuwa pale. Bila shaka. Amesimama na mikono mifukoni.

"Shemeji, hilo gari ama ghorofa?"

Watu wakacheka. Nikamwambia kwamba anayetaka kwenda Orlena lazima awe na nafasi chini ya tumbo la gari. Akasema ya chini anaiona, njia ya Mama kupandia je?

Mama akaniomba nimteremshe. Ilichukua muda kuliko kumpandisha. Alirudi nyumbani na Royce. Alinipungia mkono dirishani, kwa upole, na huo upole ndio uliouma.

Nilipofika kwangu nikasahau kwamba gari limekua. Taa za juu ya paa zimebaki kwenye fremu ya mlango wa gereji. Zimekaa sawa kabisa, kama zilizopigiwa misumari pale.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimesimamishwa na askari wa kaunti. Mimi! Sijawahi kuvunja sheria ya mwendo tangu nipate leseni.

Mshale ulionyesha maili hamsini na tano. Mashine yake ilisema sitini na tano. Nikamwambia mashine yake mbovu. Askari, kijana mpole mwenye uso wa kusinzia, akazunguka gari mara moja, akarudi dirishani. Akasema gari halijui kwamba nimelibadilishia miguu. Linahesabu mizunguko ya gurudumu, na sasa kila mzunguko ni mrefu kuliko zamani. Kwa hiyo linanidanganya. Nikasema siamini kama linaweza. Akasema mzee, linaweza.

Akanisamehe mwendo. Lakini magurudumu yametokeza nje ya mwili, yatarusha mawe kwenye vioo vya watu. Nifunike kabla sijaenda popote.

Muda wa chakula cha mchana nimeutumia kufunika. Nyumbani tulikuwa na mkeka wa mpira wa mlangoni, mnene, mzuri, wenye maandishi. Nikaukata katikati nikafunga kila nusu nyuma ya gurudumu. Anayenifuata upande wa kushoto anasoma KARI. Wa kulia anasoma BUNI.

Nadine amerudi kutoka shule anakopika, amesimama mbele ya mlango usio na mkeka, viatu mkononi. Hakuuliza. Amezoea kujibu maswali yake mwenyewe.

Jumatano, 24 Septemba

Siku mbaya. Niiandike kwa mpangilio.

Asubuhi Royce alileta taka zake mwenyewe jaani. Nikaona nafasi. Nikamwambia, kama jambo lililonipitia tu kichwani, kwamba watu wa klabu ya magari ya milimani siku hizi wanaziona thelathini na tano kuwa za wastaafu. Mpango wangu: aone haya, akimbilie makubwa, akate gari lake, aharibikiwe. Naona ni halali kabisa.

Royce akafikiri. Royce hufikiri na uso wake wote. Akasema nashukuru shemeji, mimi pia nimekuwa nikiwaza hayo. Jana alikwenda kwa Chelo akavua thelathini na tano zake. Amefunga thelathini na tatu, laini, ili Mama asitikiswe mgongo na apande bila kushikwa. Nusu ya upepo atautoa wakifika kwenye mawe, ili zisirukeruke.

Alipunguza! Mtu anapunguza kwa hiari! Nikampimia taka zake nikakosea mara mbili.

Kisha saa saba ikaanza theluji. Si utani. Septemba! Saa tisa njia ya gari nyumbani ilikuwa nyeupe mpaka kifundoni. Nadine akanipigia kazini akauliza fundi gani ana mashine yetu, aifuate.

Nimewahi kufikiri haraka maishani. Leo sikuweza. Nikamwambia yote. Lonnie, mashine, matairi. Akakata simu.

Nilipofika nyumbani koleo lilikuwa limeegemezwa kwenye nguzo ya kibaraza, mpini ukielekea upande wangu. Nikasukuma theluji mpaka giza lilipokaribia. Nilipoingia, chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa, cha moto. Nadine akaniuliza swali moja tu.

"Orrin, hivi ni kwa ajili ya Mama, au ni kwa ajili ya Royce?"

Nikasema ni kwa ajili ya Mama. Akasema kula. Nikala. Nyama ya kusaga na maharage. Haikuwa na ladha, na kosa halikuwa la mpishi.

Ijumaa, 26 Septemba

Theluji imeyeyuka yote. Njia ya Orlena iko wazi, nimeuliza kwa watu wa misitu. Kesho.

Mama amepiga simu jioni. Nilijiandaa kuambiwa kwamba anakwenda na Royce, nilikuwa hata nimekaa. Akasema atapanda kwangu kwenda, kwa Royce kurudi. Nikauliza kwa nini kwangu. Akasema amesikia nimelikata gari langu kwa msumeno kwa ajili yake, na hakuna mtu aliyewahi kukata gari kwa ajili yake.

Nikasema nitaleta kigoda.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimerudi. Kila kiungo kinauma. Niandike kabla sijalala.

Tulitoka saa mbili asubuhi. Mimi na Mama mbele, Royce na Nadine nyuma yetu kwenye gari la Royce. Mama alikuwa amevaa koti lake jekundu na viatu vya kamba. Mkobani alikuwa na brashi ya kusugulia.

Barabara ya lami ilikwenda vizuri. Mlima ulipoanza, injini ikanikana. Kwa magurudumu makubwa namna hii, ni kama mtu aliyepanda baiskeli kwa gia nzito: anakanyaga, anakanyaga, haendi. Nikawa natambaa. Mshale wa joto ukapanda. Mama akaniuliza kama gari linaumwa. Nikasema linapasha misuli. Nyuma Royce alikuwa anatusubiri kwa adabu. Adabu yake inachosha kuliko kelele.

Kisha kona. Njia ya Orlena ina kona tisa za kujikunja, moja juu ya nyingine, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili hewa. Royce alizikata kila moja kwa mkupuo mmoja. Mimi usukani haufiki mwisho, tairi linagonga bati. Kwa hiyo mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo. Na nyuma ndiko kwenye hewa. Kona ya kwanza mara tatu. Ya tatu mara tano. Mama alifumba macho kuanzia ya pili. Mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa koti langu.

Kona ya saba nikachoka na mbele kidogo, nyuma kidogo. Nikazungusha usukani mpaka mwisho kwa nguvu zote.

Fyuuuu!

Ukingo wa bati niliokata na kuuacha na meno. Ulipasua tairi ubavuni, mpasuko wa urefu wa kiganja. Gari likalala upande wangu taratibu, kama ng'ombe anayejikunja kulala.

Nikashuka. Jeki yangu ikafika nusu ya safari, kwa sababu gari lina kimo ambacho jeki haikuahidiwa. Royce akaja akapanga mawe chini yake bila kuombwa. Tairi la akiba ni lile la zamani, thelathini na moja, kwa sababu Lonnie alikuwa na manne tu. Tukafungua kisahani, tukafunga la zamani. Likashuka, na gari likabaki na miguu mitatu mirefu na mmoja mfupi. Royce akasema nikilitumia milimani hivyo litasaga gia zote za ndani. Nilijua. Nilitaka asiseme.

Tukaliacha pembeni, mawe nyuma ya magurudumu. Ilibaki nusu maili.

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe, koti jekundu, upepo unampiga. Royce akamfungulia mlango wa mbele. Mama akapanda mwenyewe. Hatua moja tu, kama anayepanda kitandani kwake.

Mimi nikabaki nimesimama na spana mkononi. Nikasema nitabaki nilinde gari. Royce akaegemea mlango.

"Panda, shemeji. Unalinda nini, limeshajilinda lenyewe. Panda tufike."

Nikapanda nyuma, magoti kidevuni, pembeni ya Nadine. Nadine akaondoa jani kwenye nywele zangu.

Orlena haina kitu. Misingi ya nyumba, jiko la chuma lenye kutu, mbao zilizogeuka kijivu. Mama alitembea moja kwa moja bila kuuliza, kama mtu anayekwenda chumbani kwake gizani. Alionyesha mahali palipokuwa jikoni. Kisha akapanda kilima kidogo, mimi mkono huu, Royce mkono ule.

Makaburi ni kama kumi. Jiwe la Wilda lilikuwa limeanguka kifudifudi. Mama alipoliona hivyo alitoa sauti ndogo sana. Nimemjua miaka ishirini na sita na sijawahi kuisikia.

Mimi na Royce tukapiga magoti. Jiwe zito. Nikasema tuanzie kushoto, yeye akasema kulia, nikasema kushoto, akasema shemeji ukianzia kushoto litateleza, nikasema mimi ndiye ninayepima mizigo kwa kazi...

Mama akasema, "Mmefika. Wote wawili. Sasa nyamazeni."

Tukanyamaza. Tukaliinua pamoja, sijui upande gani. Tukalikandamizia mawe. Mama akatoa brashi akasugua mpaka jina likatokea, kisha mwana-kondoo mdogo aliyechongwa juu yake. Akatuambia Wilda alikufa Februari, njia imefungwa, na baba yao alilipandisha jiwe hilo mgongoni majira ya kuchipua, kwa sababu nyumbu wa mizigo walikuwa wameshauzwa. Alitembea nalo siku mbili. Mama alikuwa na miaka saba na alibeba chupa ya maji.

Hakuna aliyesema kitu juu ya matairi. Hata mimi.

Tulikula mikate ya mayai tukiwa tumekaa kwenye msingi wa jikoni. Nadine alilia kidogo. Royce alinipa nusu ya tango lake la siki. Nililipokea.

Jumapili, 28 Septemba

Chelo alikwenda na lori lake la kuvuta kulishusha gari langu. Nilikwenda naye. Alipoliona limesimama kwa miguu mitatu na nusu, na KARI na BUNI zikipepea, alizima injini akainamia usukani. Nikadhani anasali.

Akashuka. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa bati, akaona damu, akaniuliza kama ninajua tupa ni kitu gani. Akafungua kisahani kingine akanionyesha nati zilivyoanza kulegea. Akasema kwa upole, na Chelo si mtu wa upole, kwamba kona mbili zaidi na gurudumu lingetoka. Upande wa Mama.

Nimeliwaza hilo siku nzima. Sikuweza kumaliza chakula.

Aliniuliza iko wapi kadi yake. Nilikuwa nayo mfukoni, imelowa. Akasema thelathini na tatu ziko dukani, zinanisubiri, na rimu zake. Nikamwambia amesema kweli. Nilimaanisha. Nilimwomba radhi Nadine pia, kwa ajili ya mashine na kwa ajili ya mkeka, kwa mpangilio huo. Akasema sawa. Akanishika shavu.

Najisikia mtu mpya. Mchovu, lakini mpya.

Jumanne, 30 Septemba

Mama alipiga simu jana. Anataka kurudi Orlena mwezi wa Juni, na maua ya kupanda. Akasema amefurahi sana, hajawahi kufurahi hivyo tangu mumewe, Baba Pruitt, afariki. Halafu akasema Juni atapanda kwa Royce, kwenda na kurudi, ili mimi nipumzike.

Nipumzike!

Nikaenda kazini nimetulia. Nikajiambia ni haki. Nikajiambia nitapita kwa Chelo saa kumi, thelathini na tatu, basi, yaishe.

Saa tano asubuhi likaja lori la jamaa anayefunga kiwanda chake cha mbao kule juu. Vyuma, mapipa, kamba mbovu. Na juu ya mzigo wote, yamefungwa kwa mnyororo, matairi manne ya gari la jeshi. Inchi arobaini! Karibu mapya. Yana vishina vya mpira vimebaki juu yake kama ndevu. Jamaa alikuwa anayatupa. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema mzee, yaondoe mbele ya macho yangu.

Nimekaa nayo kibandani mchana kutwa, mawili huku, mawili kule, na nimefikiri kwa utulivu, bila hasira, kama mtu mzima. Kosa la Jumamosi linaeleweka vizuri sasa. Thelathini na saba zilikatwa kwa sababu gari lilikuwa chini. Chelo mwenyewe amesema, mbili na nusu tu. Kumbe gari lilikuwa fupi! Nikiliinua inchi sita, au nane, tairi haligusi bati popote, kwa hiyo hakuna cha kukata, kwa hiyo hakuna kingo, kwa hiyo hakuna tupa. Na visahani safari hii nitaweka viwili viwili, vishikane.

Ya Mama kupanda ni jambo dogo. Kuna winchi ya kuinulia mizigo pale kwenye mzani. Ukifunga kiti chini yake, kiti kizuri, chenye mto, atapanda bila hata kukunja goti. Nimekijaribu mwenyewe saa kumi kasoro. Kinapanda vizuri sana. Kushuka bado.

Naandika haya nikiwa ndani yake, nimening'inia huku juu. Royce atapita na taka zake saa kumi na moja. Nitamwomba abonyeze kitufe cha kushushia, kiko chini. Nimeshafikiria la kumwambia.